Chumba Kisicho na Mtu

Mikono ya Bi Kanuni ilikuwa ikitetemeka, na Inspekta aliiacha itetemeke. Hakumwambia atulie, wala hakumpa maji. Kazi ilikuwa imemfundisha kwamba mtu akiachwa na woga wake kwa muda, woga wenyewe huanza kusema.

"Nieleze tena," alisema. "Polepole, kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu ni mhasibu, Afande. Yeye angeelewa haraka."

"Basi kama unamweleza mkwe wako."

Koplo, aliyekuwa ameegemea kabati, alikohoa kuficha kicheko. Chumba kilikuwa kidogo, kimejaa nyaya na mvumo wa mashine, na dirisha lake moja lilitazama uwanja wa kupakilia wa ghala la dawa. Jua la asubuhi lilikuwa limetanda kwenye uwanja mtupu.

Jina la Bi Kanuni alipewa na wafanyakazi wenzake, kwa sababu ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya: kuandika kanuni zinazoendesha kompyuta za ghala. Juzi msimamizi wa ghala, mtu mzima mwenye maneno machache ambaye wote walimwita Baba Pacha, alikutwa amekufa kwa baridi ndani ya chumba cha tatu, chumba cha kugandishia, nyuma ya mlango ambao kompyuta zote zilishikilia kwamba haukuwa na mtu ndani. Ghala zima lilikuwa limeshahukumu. Aliyeua ni kanuni, na mwenye kanuni ni binti huyu.

"Tuna kompyuta kuu nne," alisema Bi Kanuni. "Ya utumishi inajua nani ameajiriwa na nani ni mgeni. Ya milango inajua nani kaingia wapi. Ya baridi inalinda vyumba visipate joto. Ya kengele inaita watu kukiwa na hatari. Kila moja ilinunuliwa kwa watu wake, kwa wakati wake, na ina lugha yake. Hakuna iliyo bosi wa mwenzake."

"Sasa zinaelewanaje?"

"Mimi ndiye mkalimani. Naandika kanuni kwa lugha moja ya katikati, naisambaza. Kila kompyuta inaitafsiri kivyake na kuipima. Ikiona haigongani na kanuni zake, inaikubali. Ikigongana, inaikataa, na siwezi kuilazimisha."

"Nyumba ya wake wenza wanne," alisema Koplo.

"Kumbe unaelewa," Bi Kanuni alimjibu bila kucheka.

Inspekta alivuta kiti karibu. "Nitajie kanuni zilizomfunga Baba Pacha."

"Ya kwanza inatoka utumishi. Mtu asiye mfanyakazi wala mgeni, ahesabiwe kwamba hayumo ghalani. Tuliiweka baada ya mtu aliyefukuzwa kazi kurudi na kadi yake ya zamani akaiba. Ya pili ni ya milango. Chumba kisicho na mtu, mlango wake ufungwe na taa izimwe. Hiyo ni ya kuokoa umeme. Ya tatu ni ya kengele. Kitufe kikibonyezwa ndani ya chumba kisicho na mtu, kipuuzwe, kwa sababu barafu ilikuwa ikikibonyeza yenyewe na watu wakawa wanakimbizwa bure kila siku."

"Na mpini wa ndani wa mlango?"

"Ulivunjika zamani. Tuliambiwa kompyuta itatosha."

Inspekta alizipanga kichwani zile kanuni tatu. Kila moja ilikuwa na akili. Kila moja ilitungwa na mtu mwema kwa sababu njema. Ukiziunganisha, zinakuwa jeneza.

"Lakini Baba Pacha alikuwa mfanyakazi," alisema. "Kanuni ya kwanza isingemgusa."

"Ndiyo maana silali, Afande. Nimeangalia utumishi. Hajakatwa popote. Ni mfanyakazi mpaka siku aliyokufa."

"Umeangalia kompyuta moja. Ziulize nyingine tatu."

Bi Kanuni alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango asioujua ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aligeukia kioo cha kompyuta akaanza kuandika. Mikono iliacha kutetemeka mara ilipopata kazi. Aliandika jina la marehemu kwenye kompyuta ya milango, akangoja, akaliandika tena.

"Haimjui," alisema kwa sauti ndogo. "Inasema hakuna mtu kama huyo."

"Maana yake?"

"Utumishi uliiambia kwamba si mfanyakazi, ikamfuta. Halafu kuna mtu alimrudisha kule utumishi, akafuta nyayo zake. Lakini milango haimpokei mtu aliyerudi hivihivi, inataka kadi mpya. Kwa hiyo huku hajarudi mpaka leo." Alifunika mdomo kwa kiganja. "Alimwachisha kazi akiwa ndani, Afande. Akangoja. Kisha akamwajiri tena maiti."

Hata Koplo alijiondoa kwenye kabati akasimama wima.

"Nani anaweza kufanya hivyo?" aliuliza Inspekta.

"Ofisa utumishi, ila yuko likizo ya uzazi. Na meneja."

Meneja alikuwa mtu wa suti safi na sauti ya chini. Siku ya kwanza alimpa Inspekta chai na pole, akasema kwa huzuni kwamba, Mungu amsamehe marehemu, huenda alikuwa akiiba. Makasha yalikutwa yamechanwa karibu na mwili. Kipimajoto kimoja kilikuwa kimeng'olewa kwenye rafu. Shati la marehemu lilikuwa wazi katika baridi ile, na kipimajoto kilikutwa kimebanwa kwapani.

Daktari alikuwa na maelezo ya shati. Watu wanaokufa kwa baridi, alisema, hufika mahali wakahisi wanaungua, wakaanza kuvua nguo. Inspekta alikuwa amelikubali hilo. La kipimajoto hakuna aliyelieleza, na lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ile.

"Koplo, nenda kwa meneja," alisema. "Usimkamate bado. Kaa naye tu. Akinyanyuka, nyanyuka. Asitoke machoni pako mpaka nije."

"Sawa, Afande."

"Na wewe mdogo wangu, nionyeshe kile chumba. Nataka kujua vipimajoto vile vinazungumza na nani."

* * *

Chumba cha tatu kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu. Bi Kanuni alipitisha kadi yake kwenye kisomeo, Inspekta akapitisha kitambulisho cha mgeni kilichoning'inia shingoni, na mlango mnene wa chuma ukasogea pembeni kwa mngurumo. Baridi iliwapiga usoni kama kofi. Walivaa makoti mazito yaliyotundikwa ukutani, wakaingia.

Rafu zilikuwa karibu tupu. Makasha machache yaliyochanwa yalibaki pale yalipokuwa, na kwenye kila rafu kulining'inia kijidude cha plastiki chenye namba za kijani.

"Haya ndiyo macho ya kompyuta ya baridi," alisema Bi Kanuni, mvuke ukimtoka mdomoni. "Yeye ndiye mkaidi kuliko wote. Hakubali kanuni ya mtu yeyote kuhusu dawa. Kipimo kikipanda, hajali utumishi unasema nini. Anajua dawa inaharibika, basi. Anatuma onyo, na kama hakuna anayemkanusha, anaamuru mlango ufunguliwe ili wapakiaji waje kuiokoa."

"Mlango unamtii?"

"Kwa hilo tu. Dawa ina thamani, Afande. Waliomnunua walisisitiza."

Inspekta alikitazama kijidude kimoja. Alikuwa akimwona Baba Pacha gizani, amechana makasha ayakanyagie asigande miguu, amefungua shati lake mwenyewe kwa makusudi, amekibana kile kijidude kwapani. Hakuwa amerukwa na akili, na hakuwa anaiba. Alikuwa akiita kwa lugha pekee ambayo ghala lile lilikuwa tayari kuisikia.

"Onyo linakwenda kwa nani kwanza?" aliuliza.

Kabla hajajibiwa, taa zilizimika.

Mlango ulinguruma nyuma yao. Inspekta aligeuka akakimbia kuelekea ule mwanga wa ukumbini uliokuwa ukipungua. Ukawa upana wa mtu, ukawa upana wa mkono, ukawa uzi. Bega lake liligonga chuma. Kisha palikuwa na giza, na feni juu ya dari zikaongeza kasi.

Alipapasa ukutani mpaka akapata kitufe cha kengele. Alikibonyeza. Alikibonyeza tena kwa kiganja kizima. Hakukuwa na mlio wowote.

"Ametufuta," sauti ya Bi Kanuni ilitoka gizani, nyembamba, kama ya mtoto. "Wewe na mimi. Hatupo, Afande. Zote zinajua kwamba hatupo."

Inspekta alitoa simu. Mwanga wake uliangaza kuta za bati na uso wa binti uliokuwa umepauka, lakini mawasiliano hayakuwepo. Aligonga mlango kwa ngumi mpaka ngumi ikafa ganzi. Chuma kile kilimeza kila pigo. Alihisi hofu ya kweli ambayo hakuwa ameionja tangu aanze kazi, na aliitambua kwa sababu miguu yake ilitaka kukimbia na hapakuwa na pa kukimbilia.

"Njoo hapa," alisema. Alijitahidi sauti isimsaliti. "Chukua kipimajoto. Fanya kama alivyofanya yeye."

"Yeye alikufa, Afande."

"Najua. Fanya."

Bi Kanuni alikinyofoa kijidude kwenye rafu ya karibu. Vidole vilikuwa vimeanza kugoma, ikabidi Inspekta amfungulie vifungo vya koti. Walikibana kwapani mwa binti, Inspekta akamkumbatia juu ya koti kumwongezea joto, na wote wawili wakakodolea macho kile kijitaa cha kijani kilichochungulia kwenye mkunjo wa nguo. Kilianza mbali chini ya sifuri. Kilisimama pale muda mrefu. Kisha namba ya mwisho ikabadilika.

"Kinapanda," alinong'ona Bi Kanuni.

"Onyo linakwenda kwa nani?"

Binti alikaza macho kwenye namba.

"Mdogo wangu. Kwa nani?"

"Kwa simu ya meneja. Anaulizwa, ni kweli au si kweli. Akisema si kweli, yanaishia hapo. Asipojibu kitu kwa muda, mlango unafunguka."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Baba Pacha aliita, na simu ikalia mezani kwa mtu wa suti safi, na yule mtu akasoma, akafikiri, akagusa kioo kwa kidole. Labda mara moja. Labda aliita tena na tena, na kila mara akajibiwa kwamba si kweli.

Baridi ilikuwa imeshapita kwenye viatu vya Inspekta. Meno ya Bi Kanuni yaligongana kwa kelele. Alikuwa akisema kitu, na Inspekta alipoinamisha sikio alisikia kwamba anazungumza na marehemu, anamwambia baba nisamehe, baba mimi niliandika tu.

"Nyamaza, okoa pumzi," alisema Inspekta, akambana zaidi. Alijaribu kumfikiria Koplo. Kijana mzuri, mpole kupita kiasi, mtu wa kumwachia mwenye cheo amalize sentensi. Alijaribu kukumbuka kama alimwambia achukue simu ya meneja. Hakumwambia.

Zile namba za kijani zilivuka sifuri. Zikaendelea kupanda. Feni zilivuma. Miguu ya binti ilianza kulegea, na Inspekta akaegemea rafu ili wasianguke wote wawili, akaanza kumwita kwa sauti, akimwuliza mama yake anakaa wapi, ana ndugu wangapi, alisoma nini, chochote, mradi ajibu. Majibu yalikuja yakichelewa, kila moja kwa mbali zaidi ya lililotangulia.

Kisha mlango ukanguruma.

* * *

Wapakiaji wawili waliwakuta wameanguka kizingitini, nusu ndani, nusu nje. Waliwaburuta juani, wakawafunika kwa maturubai. Inspekta hakukaa hata kidogo. Alipoona Bi Kanuni amefungua macho na kushika kikombe cha maji ya moto, alipanda ngazi kuelekea ofisi ya meneja, mkono mmoja ukutani, miguu ikimchoma kama anakanyaga makaa.

Koplo alikuwa amesimama. Meneja alikuwa ameketi, tai imelegea. Kati yao, juu ya meza, Koplo alikuwa ameifunika simu kwa kiganja chake kikubwa kama mtu aliyekamata mende.

"Afande," alisema Koplo, na sauti yake ilikatika alipomwona. "Aliniomba amalizie barua pepe mbili. Nilikuwa nimekaa hapa hapa mbele yake. Nilimwona akiandika, Afande. Nikamwacha."

"Halafu?"

"Halafu simu ikalia. Nilisoma kabla yake. Dawa inaharibika, chumba cha tatu. Nikajua wewe uko chumba cha tatu. Aliponyoosha mkono kuichukua, nikaifunika. Alisema natia hasara ghala. Nikamwambia basi hasara iingie."

Inspekta aliketi, kwa sababu miguu ilikuwa imekwisha. Akamtazama meneja.

"Juzi ulisema si kweli mara ngapi?"

Meneja alitazama kucha zake. "Sijui unazungumzia nini. Mitambo ile ina makosa. Muulize yule binti aliyeiandika."

"Nimekaa naye gizani, nimemuuliza vya kutosha. Kompyuta ya baridi inaandika kila jibu lako, na hiyo huwezi kuifuta, haikubali kanuni ya mtu. Nikishuka chini sasa hivi nitakuta nini?"

Meneja aliikaza tai yake.

"Mle ndani hakuna cha kumuulia mtu ila dawa. Nitakuta kwamba chumba kile kilishapata joto kabla ya juzi, na ukasema si kweli. Dawa ikayeyuka. Ukaigandisha tena. Baba Pacha akaona. Alitaka ichomwe moto."

"Umeme ulikatika siku mbili," alisema meneja taratibu, kama anamweleza mtu jambo la kawaida. "Unajua dawa ile ni kiasi gani? Ningefukuzwa. Nina watoto wanaosoma. Yeye hakutaka hata kukaa tuzungumze. Alisema atakwenda wizarani."

"Ikiyeyuka na kugandishwa tena inakuwaje?"

Macho ya meneja yalimsaliti. Yalikwenda dirishani, kwenye uwanja wa kupakilia uliokuwa mtupu tangu asubuhi.

Inspekta alinyanyuka polepole. Yeye mwenyewe alikuwa ameingia ndani ya chumba kile. Rafu zilikuwa karibu tupu, na hakujiuliza kwa nini.

"Imekwenda wapi?" aliuliza.

"Zahanati," alisema meneja. "Malori yalitoka alfajiri. Ni sindano za watoto wachanga."

* * *

Bi Kanuni aliandika akiwa amejifunga blanketi, kidole kimoja kimoja, kwa kuwa vingine vilikuwa bado vina ganzi.

"Hizi si kompyuta zetu," alisema. "Kila zahanati ina yake, na kila moja ina wenyewe na lugha yake. Huwa tunawatumia kanuni, dawa gani isichanganywe na gani. Wakitaka wanakubali." Alisoma alichoandika. "Ikiwa kasha lina namba ya shehena hii, basi lisitumike. Inatosha?"

"Isambaze."

Kwa kitambo kioo kilikuwa kitupu. Kisha majibu yakaanza kuingia moja baada ya jingine. Zahanati ya kwanza, imekubali. Ya pili, imekubali. Nyingine ilichelewa, ikauliza ufafanuzi wa neno, Bi Kanuni akalibadilisha, ikakubali. Koplo, aliyerudi baada ya kumkabidhi meneja kwa askari wengine, alikuwa akihesabu chini kwa chini kama mtu anayesali.

La mwisho lilikuja kwa rangi nyekundu.

"Imekataa," alisema Bi Kanuni.

"Kwa nini ikatae?"

"Ina kanuni yake. Dawa ya mtoto isizuiwe bila saini ya daktari wao." Alifumba macho. "Ni kanuni nzuri, Afande. Hata mimi ningeiandika."

Koplo alikuwa ameshapiga namba. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena, akaiweka mezani ili wote wasikie. Iliita muda mrefu. Kisha sauti ya mwanamke ikaingia, yenye haraka, na nyuma yake kelele za chumba kilichojaa watoto.

"Zahanati, nani mwenzangu? Nina foleni hapa."

"Polisi," alisema Inspekta. "Dada, nisikilize kwanza. Kuna makasha ya sindano za watoto wachanga mmepokea leo."

"Ndiyo. Yameingia sasa hivi."

"Umeshachoma mtoto yeyote?"

"Ndiyo kwanza nimevuta ya kwanza. Mtoto yuko mapajani kwa mama yake."

"Iweke chini."

"Kompyuta haijanizuia kitu. Inasema iko sawa."

"Kompyuta haijui. Iweke chini, dada, halafu uniambie umeiweka."

Kilichofuata kilikuwa kelele za watoto tu. Kisha ulisikika mlio mdogo wa kitu kikigusa sinia la chuma.

"Nimeiweka," alisema muuguzi. Haraka yote ilikuwa imemtoka. "Kuna mwenzangu chumba cha pili. Ngoja."

Nyayo zilikimbia, zikapotea. Mlango ulifunguliwa mahali fulani. Inspekta alitazama ukutani mbele yake bila kuona kitu, mpaka nyayo ziliporudi.

"Alikuwa hajaanza. Maboksi yake yote bado yamefungwa." Muuguzi alihema. "Afande, hawa akina mama wametoka mbali, wengine kwa miguu. Wananitazama. Niwaambie nini?"

Inspekta alimtazama Bi Kanuni, ambaye machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti, kisha akaisogelea simu.

"Waambie dawa ni mbovu," alisema. "Na waambie kuna baba mmoja huku alikataa isiwafikie watoto wao. Alifungiwa kwenye baridi ili asiseme, akaita mpaka mwisho."